Kulipasha Moto Gari la Abdulmajid

Jumapili, 4 Agosti 2024

Ufunguo ninao! Uko mfukoni mwa kanzu, kila nikimaliza mstari mmoja naupapasa. Bismillahi, nianze kwa utaratibu.

Asubuhi Abdulmajid wa mapazia alipita duka kwa duka kuomba radhi, maana yeye na mkewe wanaondoka kwenda Umra. Watu wa Mtaa wa Mchikichi tulimsamehe wote. Hata Pius wa ndoo za plastiki alimsamehe, na Pius ni Mkatoliki, tena walikuwa na ugomvi wa maji ya kiyoyozi tangu Pasaka. Mimi nilimsamehe kabla hajamaliza kuomba. Macho yangu yalikuwa kwenye ufunguo uliokuwa ukining'inia kidoleni kwake.

Akanivuta nyuma ya rafu ya lesi. Akasema gari likikaa bila kuwashwa batri inakufa, na mtaa mzima hamwamini mtu ila mimi. Kila asubuhi niliwashe, lipate moto, nilizime. Nisilitoe uani. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Fikirini, hii ni amana."

Nikasema amana nimeipokea. Mungu shahidi, wakati ule nia yangu ilikuwa safi kama kanzu ya Idi.

Gari lenyewe ni Altezza nyeupe, gia za mkono. Limeinama chini kama paka anayevizia samaki. Tangu lilipoteremka melini na kuingia mtaani kwetu nimekuwa nikilitazama kutoka nyuma ya kaunta yangu ya zipu na vifungo, na sijamwambia mtu ila Mungu na wewe daftari.

Siri yangu ya pili unaijua. Badria. Mshonaji, mjane, anakaa kwenye magorofa ya Upanga, zipu zote ananunua kwangu. Tangu mke wangu atangulie, Mungu amrehemu, nyumba yangu ukiweka kijiko mezani kinasikika mpaka chumbani. Badria akija dukani hachagui zipu kwa macho. Anaipandisha na kuishusha karibu na sikio lake, anasikiliza, ndipo anaridhika. Mimi nasimama pale nikiionea wivu zipu. Halafu anasema, ahsante kaka Fikirini. Kaka! Neno hilo linanichoma kama pini iliyosahaulika kwenye nguo.

Sasa fikiri. Mwanamke mwenye sikio la namna ile, aketi kiti cha mbele, aisikie ile injini.

Astaghfirullah. Nafikiri tu.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimeliwasha! Baada ya Alfajiri, na bismillahi mara tatu.

Kwanza kukaa. Hukai kwenye gari lile, unashuka ndani yake kama unavyojiachia mkekani. Goti likalalamika, nikalinyamazisha. Kiti kinakukumbatia mbavu. Viti vimevalishwa vitambaa vya rangi ya zabibu, mshono umenyooka, na mgongoni mwa kila kiti kuna zipu ya shaba nzuri kabisa. Mtu mwingine asingeziona. Mimi ndiyo kazi yangu.

Dashibodi ni saa ya mkononi. Wallahi! Duara kubwa, ndani yake vidude vidogo vya duara na vijishale vyake, kama ile saa ya meneja wetu enzi naendesha gari la kiwanda cha mikate. Nilizungusha ufunguo, injini ikaamka kwa sauti ya chini, ya mtu anayesafisha koo kabla ya kuadhini. Nikakanyaga mafuta kidogo. Sauti ikapanda bila kukwaruza. Nikaachia, ikashuka. Nikapandisha tena, nikashusha.

Nikajikuta nimeinamisha sikio.

Mshale wa moto ulipofika katikati nikalizima kama nilivyoahidi. Nikabaki nimeketi uani kwa watu, mkono juu ya kirungu cha gia, mpaka Pius akachungulia getini na kuuliza kama nasubiri abiria.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeitafakari hii habari ya batri. Nilipokuwa dereva wa mikate tuliambiwa batri haijai vizuri gari likisimama. Inajaa likitembea. Basi kuilinda amana ni kulitembeza, na kulifungia uani ni kuihujumu. Lakini mimi si mtu wa kujitolea fatwa. Nikaswali istikhara, rakaa mbili, nikamwomba Mungu anionyeshe.

Nikaota naendesha. Kweli tupu. Sasa mja atake jibu gani lingine?

Nikatoka nalo mchana. Kariakoo! Gari lina gia sita, mimi nilitumia moja na nusu. Kutoka Mchikichi kuingia Mtaa wa Sikukuu mkokoteni wa majora ulinipita, kuli akanipungia mkono kwa huruma. Klachi ni nzito, paja la kushoto linawaka. Kioo cha mbele chote ni viuno vya watu. Nilivyosimama kwenye foleni, kijana mmoja wa mitumba akatandika blauzi zake juu ya boneti, mteja akaja, wakapatana, akauza mbili. Nikapiga honi. Akaniomba nisubiri amrudishie mama chenji.

Halafu Ridhiwani wa viatu kasimamisha Prado lake katikati ya njia, anashusha maboksi. Mtu yule kila mara yuko safarini Guangzhou, na akiwa hayupo mtaa unapumua. Kakaa huko juu kwenye kiti chake, kaniangalia kama anaangalia kisima.

Lakini sikiliza. Pale karibu na Msimbazi njia ilifunguka kidogo, kama urefu wa kanga mbili. Nikaingiza gia ya pili. Gari likanyanyua pua, likanisukuma mgongoni kwa adabu, kama rafiki anayekuambia nenda. Kisha likaja basi.

Urefu wa kanga mbili tu, na nimeuwaza mpaka Isha.

Jumatano, 7 Agosti

Badria kaja! Na nilikuwa ndani ya gari!

Nililisimamisha mbele ya duka, kivuli kizuri, nikakaa ndani nikijifanya napanga bei za lesi. Akatokea na mkoba wake mweusi. Akasimama. Akalizunguka taratibu. Akafungua mlango wa nyuma, akapitisha kiganja juu ya kitambaa cha kiti, halafu, daftari wewe, akaishika ile zipu ya mgongoni, akaipandisha na kuishusha, sikio karibu. Akatabasamu peke yake.

Akasema gari limenipendeza.

Nikasema ahsante. Sikusema ni langu. Sikusema si langu. Nimepima neno lile kwenye mizani zote za dini ninazozijua na sioni uongo ndani yake. Ni shukrani tu.

Akanunua zipu za suruali na uzi wa bluu. Akaniita kaka, lakini safari hii pini iliingia nusu. Nikamwambia, siku moja inshallah, upepo wa bahari, Kigamboni. Akauliza kwa gari hili? Nikasema kwa gari hili hili. Akalitazama chini, kwenye magurudumu, akasema Mungu akipenda.

Pius alikuwa anakohoa mlangoni kwake muda wote. Badria alipoondoka akaniuliza kama Abdulmajid anajua kwamba ameniuzia gari. Nikamwambia ajishughulishe na ndoo zake.

Jioni watu wawili wamenipa hongera. Nikasema ahsante.

Alhamisi, 8 Agosti, Nane Nane

Sikukuu, barabara nyeupe. Nimelipeleka Upanga kwa ajili ya batri.

Sijui niandikeje. Ukishavuka pale Fire na kuingia Upanga, jiji linabadilika, miti inakutana juu ya barabara na kivuli kinapita kwenye boneti kama mtu anayekunja na kukunjua kanga. Gia ya tatu. Gia ya nne! Kirungu ni kifupi, kinaingia kwa sauti ndogo ya kikombe kikikaa kwenye sahani yake. Usukani unakuambia kila kitu, hata kokoto. Ukifikiria kulia, gari limeshakwenda kulia. Kwenye matuta inabidi uliingize kwa ubavu, gurudumu moja moja, kama mzee anayeshuka ngazi, na ukisahau linagonga tumbo na wewe moyo unagonga pamoja nalo. Kiyoyozi kinatoa baridi ya Ulaya. Nilisoma dua ya safari kwa sauti na ikasikika vizuri ndani mle.

Barabara ya Umoja wa Mataifa nilikanyaga. Si sana. Mshale ulisogea mahali ambapo gari la mikate halikuwahi kuota. Nilicheka peke yangu, mtu mzima na ndevu zangu.

Kisha nikageuza kichwa kushoto kumwambia mtu, na kiti kilikuwa kitupu.

Nikapita chini ya gorofa lake. Kwenye kamba ya ghorofa ya pili kulikuwa na nguo zimeanikwa, na nikaijua mishono yake nikiwa chini. Nikazunguka, nikapita tena. Nikazunguka. Mlinzi akatoka kuniuliza nimepotea au natafuta nyumba ya kupanga. Nikamwambia nalipasha moto gari. Akasema limeshapata.

Ijumaa, 9 Agosti

Balaa!

Baada ya swala ya Ijumaa, Maalim Anuari kashika kipaza sauti. Nikadhani ni michango ya mazulia. Akasema ndugu yetu Fikirini wa zipu Mungu amemfungulia, amepata chombo, na kama ilivyo kawaida yetu mtaani chombo kipya hakiachwi bila dua. Kesho baada ya Alasiri, mbele ya duka lake, wote mnakaribishwa. Msikiti mzima ukageuka. Mzee mmoja wa safu ya mbele akanibusu mkono.

Nilisimama niseme. Mungu anajua nilisimama. Nikafungua kinywa, kikatoka "Amin".

Nimekaa na Maalim baadaye nikitaka kumweleza kwa upole. Nikaanza kwamba vyote vya dunia hii ni vya kupita, hakuna anayemiliki kitu. Akasema mashallah, kumbe utajiri haujakuharibu.

Jambo la mwisho. Njiani nimekutana na Badria anatoka kununua kitambaa. Ameshasikia. Atakuja, na mama yake mdogo, Bi Sophia, na sahani ya kaimati. Nimekwisha. Atakuja! Nimekwisha.

Jumamosi, 10 Agosti

Niliamka nikiwa na mpango. Dua isomwe, lakini mimi moyoni ninuie kwamba ni dua ya Abdulmajid, naye yuko nchi ya Al-Kaaba, kwa hiyo itapita njia fupi. Akirudi anakuta gari lake limebarikiwa bure. Kila mtu kapata, hakuna aliyepoteza. Nikalipaka nta, nikang'arisha tairi, nikanunua kahawa na halua.

Watu wakajaa mpaka kwa Pius, wengine wakakalia ndoo zake. Maalim akalizunguka gari huku akisoma, akapuliza kwenye kila gurudumu. Badria alisimama kwenye kivuli cha banda la uzi, ushungi wa kijani. Niliitikia amin kwa nguvu kuliko wote, na kila amin nilikuwa nanuia Abdulmajid, Abdulmajid, jasho linanitiririka mgongoni.

Simu ya Pius ikaita. Ya video.

Alikuwa Abdulmajid kutoka Madina. Kuna mtu karusha picha za dua kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Pius, Mungu amsamehe maana mimi bado, akaiinua simu juu ya vichwa vya watu, sauti hadi mwisho. Uso wa Abdulmajid ukajaa kioo. Alikuwa analia.

"Fikirini, ndugu yangu! Nimekuachia gari langu ulipashe moto tu, wewe umeliitia watu mtaa mzima liombewe dua!"

Muuza kahawa aliacha kugonga vikombe.

Akaendelea kulia. Akasema amewahi kuwa na ndugu wa tumbo moja wasiomfanyia hivyo, na kwamba kesho ananitaja kwa jina kule Rawdha, msikitini kwa Mtume. Akasema gari nilitembeze nitakavyo, nimpeleke nimtakaye, ameniruhusu mbele ya watu. Simu ikakatika.

Wote wakanitazama. Maalim Anuari akasafisha koo. Akasema dua haiangalii kadi ya gari, na akaagiza halua igawiwe. Watu wakaanza kucheka, kwanza taratibu, kisha hovyo. Yule mzee wa safu ya mbele alikuja akauchukua mkono wangu, akautazama, akauacha.

Nikawa nataka nijifiche kwenye boksi la vifungo. Badria akanisogelea na sahani. Ushungi ameubana mdomoni, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

Akaniambia kwa sauti ya chini, "Vitambaa vya viti vile nilimshonea mimi, kaka Fikirini. Na zipu nilinunua kwako."

Zipu zangu mwenyewe! Zile za shaba! Nimezisifu wiki nzima kama mgeni!

Alijua tangu Jumatano. Alijua na akaniambia gari limenipendeza. Sielewi kwa nini hakukasirika. Bi Sophia hakunipa nafasi ya kuelewa. Akasema kaimati imekwisha, ruhusa ya gari imepatikana, na yeye upepo wa Kigamboni hajaupata tangu enzi za marehemu mumewe. Kesho asubuhi niwafuate.

Kesho! Kwa halali!

Jumapili, 11 Agosti

Niandike haraka kabla aibu haijapoa.

Nilifika Upanga nimejifukiza udi. Shikamoo Bi Sophia, marahaba baba. Nikamfungulia Badria mlango wa mbele. Bi Sophia akapita katikati yetu, akasema magoti yake hayakunjiki nyuma, akajiachia kwenye kiti cha mbele kwa kishindo mpaka gari likatoa pumzi. Badria nyuma. Nilikuwa naye kwa upana wa kioo kidogo tu, macho na kipande cha ushungi. Niliendesha gia ya tatu kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai. Nilipobadilisha gia niliona kwenye kioo ameinamisha kichwa kidogo. Anaisikiliza! Nikabadilisha nyingine bila sababu. Bi Sophia akauliza kwa nini gari linahangaika.

Bi Sophia akaongeza kwamba barabara haioni, anaona magurudumu ya malori tu.

Magogoni foleni ilikuwa fupi. Utaratibu wa kivuko unaujua, abiria wanashuka wanaingia kwa miguu, dereva anaingiza gari peke yake. Badria na mama yake mdogo wakashuka wakaingia. Nikawaona wanasimama penye kizuizi, upepo unacheza na ushungi, ananipungia. Nikanyoosha shingo, nikaingiza gia ya kwanza, nikateremka.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mimi mtoto wa Pwani, babu yangu mvuvi, sikuangalia maji! Yakikupwa, ule mlango wa kivuko unalala chini na njia inavunjika katikati kama kiwiko. Malori yanapita. Prado linapita. Altezza ya Abdulmajid iliweka kidevu chini, ikakwaruza, ikagoma. Mtu wa kivuko akapiga filimbi, akasema hii sahani ya chai yako irudi nyuma, mzee. Nikarudi nyuma. Nikajaribu kwa ubavu kama kwenye matuta. Ikakwaruza upande mwingine. Nyuma yangu honi, nahodha kachoka.

Mlango ukainuliwa.

Kivuko kikaondoka na Badria.

Hakikuwa mbali. Hapo ndipo uchungu ulipo. Kilikuwa karibu kiasi kwamba niliona ameweka mkono kifuani. Halafu ukawa ushungi wa kijani tu. Halafu ikawa rangi ya kijani kati ya rangi nyingine. Nilisimama kwenye saruji na ufunguo mkononi, injini inaunguruma vizuri kabisa, imepata moto sawasawa, haina pa kwenda.

Nikampigia simu. Mkoba mweusi ukaita kwenye kiti cha nyuma.

Nikaamua, daraja! Nitazunguka Kurasini, nivuke kwa Daraja la Kigamboni, niwakute upande wa pili kama mwanaume. Na sikia, juu ya daraja lile gari lilikimbia kama halijawahi. Gia ya tano, lami laini, maji pande zote, jua, sauti ya injini moja ndefu isiyokatika. Hakuna wakati mzuri zaidi niliowahi kukaa nyuma ya usukani. Niliutumia wote kutazama mkoba.

Nilipofika hawakuwepo. Simu yangu ikaita, Pius. Alikuwa amepeleka ndoo Kigamboni kwa kirikuu, kigari chake cha mizigo, akawakuta wawili hawa wamesimama juani hawana simu wala nauli. Amewapakia mbele, wamebanana watatu, wameshavuka na kivuko kurudi Magogoni. Bi Sophia anakula machungwa na anasema upepo ni mzuri. Nikauliza Badria je. Pius akasema anafurahi, anasema humu juu anaona kila kitu.

Mkoba nilimwachia mlinzi wa gorofa. Sikuweza kupanda. Mlinzi akaniuliza kama gari bado linapata moto.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeliwasha. Nimelizima. Sikugusa kirungu cha gia.

Chini ya bampa kuna mkwaruzo. Uko mahali ambapo hauonekani ila na Mungu, na mimi, na paka wa Pius.

Jumatano, 14 Agosti

Abdulmajid karudi. Kanyoa kichwa, kanona, kaniletea maji ya zamzam, tende na msala. Kanikumbatia mbele ya watu mpaka kofia ikaanguka. Kila zawadi aliyotoa ilikuwa jiwe juu ya kifua changu. Amana ni amana. Nikamwambia alale chini aangalie bampa.

Akalala chini na kanzu yake mpya. Akakaa huko muda. Akatoka anacheka. Akasema mikwaruzo ni miwili, huo mrefu ni wake yeye, aliupata mwaka jana Magogoni, maji yamekupwa, mkewe anamtazama kutoka kwenye kivuko. Wangu ni ule mdogo wa pembeni. Mkewe naye alicheka. Akasema wanaume wa mtaa huu wana gari moja na akili moja.

Ufunguo nimerudisha. Mfuko wa kanzu umekuwa mwepesi, nautia mkono nakuta tasbihi tu.

Alhamisi, 15 Agosti

Badria alikuja leo. Sikutegemea.

Alitaka zipu moja nyeusi. Moja! Kwa mshonaji zipu moja si safari. Akaipandisha, akaishusha, akasikiliza, akaiweka kaunta, hakuondoka. Nikaanza kuomba radhi kwa habari ya kivuko, kwa habari ya gari, kwa wiki nzima. Akaniinulia kiganja ninyamaze. Akasema hakuna baya. Akasema hajacheka vile tangu afiwe na mumewe. Ila gari lile, akasema, yeye haliwezi. Ni la chini mno, kichwa kilimzunguka, na mtu akikaa mle anaona visigino vya watu, hamuoni anayempita.

Kisha akaitazama zipu badala ya kunitazama mimi.

"Mimi daktari kaniambia nitembee, sukari imepanda kidogo. Kila siku baada ya Alasiri niko Mnazi Mmoja, nazunguka viwanja. Natembea peke yangu, Fikirini. Wewe ukifunga duka mapema, pale si mbali."

Akalipa, akaenda.

Nimeyarudia maneno yale tangu hapo, moja moja, kama mtu anayetafuta jino lililokatika kwenye zipu. Kwanza, ameacha kuniita kaka. Limenishtua. Inaonekana heshima imepungua baada ya mambo ya Magogoni, na siwezi kumlaumu. Pili, pale si mbali. Ni kweli, kutoka hapa mpaka Mnazi Mmoja mtu huwezi hata kuingiza gia ya tatu, kwa hiyo hiyo si safari ya kumpendeza mtu. Tatu, na hili ndilo kubwa, anatembea. Peke yake. Juani, mtu mwenye sukari!

Na kasema mwenyewe, la chini haliwezi. Kwenye kirikuu alikaa juu akaona kila kitu, akafurahi. Nilikosea gari tu. Wiki nzima nimehangaika na gari fupi!

Pius alikuwa anasikiliza kwenye ukuta kama kawaida yake. Akaja akaniambia niache kaunta, niende Mnazi Mmoja sasa hivi, na viatu vyangu, na miguu yangu, yeye ataniangalizia duka. Alikuwa karibu kunisukuma. Nikamwambia mambo haya hayaendi kwa pupa. Akaegemea rafu ya lesi, akajifunika uso na ndoo.

Nimeshaenda kwa Ridhiwani wa viatu. Jumamosi anasafiri tena Guangzhou, na Prado halijapata mtu. Nimemweleza kwa upole kwamba gari kubwa kama lile likikaa bila kuwashwa batri inakufa. Ameniuliza kama namfahamu mtu mwaminifu. Usiku wa leo naswali istikhara, na Prado nimeshaanza kuliona nikifumba macho.

Kesho Badria atazunguka Mnazi Mmoja peke yake, na keshokutwa pia. Avumilie kidogo. Namtafutia gari refu.